Mgeni Rasmi Aonja Gari

Si zamani sana, tuseme juzi ya juzi, palikuwa na nchi inaitwa Heko. Haiko karibu na kwenu, msihangaike, nimeulizia. Nchi hiyo ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti tatu ndefu, ina mawaziri arobaini na mmoja, na tangu mwaka huo ninaotaka kuwasimulia ina gari lake yenyewe: gari dogo la familia, milango minne, viti vitano, jina lake Staha. Wananchi wa Heko walilingoja gari hilo miaka kumi na tisa. Siku lilipotoka kiwandani watu walitokwa machozi, wengine kwa furaha na wengine kwa kuwa mlango uliwabana vidole.

Sasa katika nchi hiyo alikuwako mama mmoja, Bi Pulkeria Nyamubi, mpimaji mkuu wa Idara ya Kugongesha. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Gari likiundwa, kabla watu hawajauziwa, idara inalichukua, inalipakia familia ya masanamu, inalivuta kwa waya wa chuma mpaka lishike kasi, halafu inalipiga ukutani. Vumbi likitulia, Bi Pulkeria anakwenda na rula na daftari kuangalia nani kaumia wapi, ili wale watakaopanda baadaye wasiumie. Kazi ya heri kabisa. Shida ni kwamba Heko haikuwa na gari, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne Bi Pulkeria aliandika kila Desemba ripoti ya sentensi moja, kwamba mwaka huu hakuna aliyeumia, akasaini, akagonga muhuri, akaenda zake nyumbani.

Miaka hiyo yote aliwatunza masanamu wake. Walikuwa wanne: Baba, Mama, Binti na Bibi. Aliwashonea nguo kwa mkono wake; Baba akapata suti ya kaunda, Bibi akapata kitenge na kilemba. Kila asubuhi akifungua stoo alimwamkia Bibi shikamoo, maana, alisema, mtu unayetarajia kumpiga ukutani siku moja usimkosee adabu mapema. Wenzake walimcheka sana. Lakini yeye alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Modesta, na Modesta kutwa yuko shuleni anafundisha chekechea, basi mazungumzo ya mchana Bi Pulkeria aliyapata stoo.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze desturi moja ya Heko, la sivyo mtaniona mwongo. Huko hakuna kitu kinachotumiwa na mwananchi kabla hakijaonjwa na mgeni rasmi. Waziri akizindua kisima, anakunywa kikombe cha kwanza. Akizindua daraja, anavuka wa kwanza na wengine wote wanangoja ng'ambo waone. Akizindua wodi ya wazazi anapanda kitandani, anafunikwa shuka, mkunga anamwambia asukume, anasukuma kidogo kwa heshima ya shughuli, kinamama wanapiga vigelegele. Hata gereza jipya lilionjwa, dakika kumi, na waziri aliyelionja alitoka akisema limemkaa vizuri. Miaka miwili baadaye alirudishwa humo kwa muda mrefu zaidi. Serikali zimeanguka, katiba imepotea mara mbili na kuonekana mara moja, lakini kuonja hakujawahi kurukwa tangu uhuru.

Basi, Staha likaletwa idarani likiwa limefungwa utepe. Bi Pulkeria alilizunguka mara tatu. Akalibonyeza bampa kwa kidole gumba, na bampa likabaki na alama ya kidole gumba. Akauliza mifuko ya hewa iko wapi, ile inayofura mbele ya dereva gari likigonga. Wataalamu wa kiwanda wakamweleza, kwa uvumilivu, kwamba mifuko ya hewa ni tabia ya kigeni. Staha lina kitu bora zaidi: likigonga tu, redio inajiwasha yenyewe na kupiga wimbo wa taifa, beti zote tatu, ili abiria apate moyo.

Wakapakia familia, wakafunga mikanda, wakalivuta gari kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayewahi kazini na wala hana haraka sana. Staha likaenda vizuri, likaufikia ukuta, na hapo likaacha kuwa gari. Boneti iliingia ndani kukaa na familia. Injini ilihamia kiti cha nyuma. Usukani ulipatikana kesho yake juu ya paa la kantini. Na redio, nisiisingizie, ilifanya kazi barabara.

Sasa wimbo wa taifa ukipigwa Heko kila mtu husimama wima, mikono ubavuni, na anayetikisika hukamatwa. Kwa hiyo dakika nne nzima Bi Pulkeria alisimama hatua kumi kutoka kwenye ajali, akikitazama kichwa cha Bibi kikibingirika taratibu kuelekea mtaroni, na kilemba chake, asiweze kukifuata. Ubeti wa tatu ulipokwisha ndipo akakimbia. Bibi hana kichwa, Binti hana miguu, Mama kakunjika katikati, Baba kichwa kinaning'inia kwa uzi. Bi Pulkeria alikaa chini kwenye vumbi akalia, na mpaka leo haoni aibu ya kulia kule. Kisha akafuta machozi, akapima kila kitu, akaandika: nyota sifuri. Akaona ni kali mno, akaongeza kwamba rangi ni nzuri.

Ripoti hiyo ilifika kwa Waziri wa Mwendo na Fahari ya Taifa, Mheshimiwa Silivesta Kindamba. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya redioni, na hakukasirika hata kidogo. Alisema sayansi haitaki kukimbilia lawama. Vitu viwili vimegongana, aliuliza, mbona mnamshika mmoja tu? Siku hiyo hiyo akaunda Tume ya Kuchunguza Ukuta, wajumbe kumi na mmoja, mwenyekiti yeye mwenyewe.

Tume ilikaa siku arobaini. Ilisafiri nchi saba kwenda kuona kuta za wenzao, nyingi zikiwa ufukweni zenye hoteli kwa nyuma. Ilipiga kambi mbele ya ukuta wa idara na kuuhoji. Mwishowe ikatoa kitabu cha kurasa mia tatu, na humo ukuta ukapatikana na hatia ya ugumu uliopitiliza. Ulijengwa enzi za wakoloni, tume iliandika, na dalili zote zinaonyesha kwamba haujawahi kulipenda taifa. Masanamu nao walikutwa na utovu wa nidhamu, kwa kupoteza vichwa wimbo wa taifa ukipigwa. Baba, kama mkuu wa kaya, aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa maswali ishirini na saba, hakujibu hata moja, ikaandikwa kwamba ana dharau. Bi Pulkeria, aliyekuwa amemshikilia asidondoke kitini, aliagizwa ampe onyo, na njiani kurudi stoo alimpa onyo kweli, kwa upole, akamwomba na radhi.

Jaribio la pili lilifanywa kisasa. Ukuta ulivishwa magodoro kumi na moja mapya yaliyokuwa njiani kwenda hospitali. Staha likasukumwa kwa mikono na makarani wanne, mmoja akiwa na mafua, mpaka likaegemea godoro. Redio haikujiwasha, kwa kuwa haikujua kama kuna jambo limetokea. Tume ikapiga makofi, ikatoa nyota tano, na kila mjumbe akaondoka na godoro moja la kumbukumbu.

Kilibaki kitu kimoja: saini ya mpimaji mkuu chini ya cheti. Kwa hilo akatumwa mkurugenzi wa idara, Bwana Hamdani Pazi, mtu ambaye angesaini hata tanzia yake mwenyewe mradi imepitia masijala.

"Mama Modesta," alisema, "nakuomba saini. Sikuombi figo."

Bi Pulkeria aliomba apewe muda wa kufikiri. Mkurugenzi akashangaa kusikia mtu anataka kufikiri ndani ya idara, lakini akampa mpaka mwisho wa mwezi, na akamkumbusha kwa upendo kwamba Kituo cha Kupima Mvua kule jangwani kina nafasi wazi. Huko mvua ilinyesha mara ya mwisho kabla kituo hakijajengwa. Wakati huo huo cheti kikatiwa kwenye fremu hivyo hivyo, kikatundikwa wizarani, na mahali pa saini pakabandikwa ua la plastiki.

Nisiwafiche, mama wa watu alikuwa ameshaanza kulegea. Harusi ya Modesta ilikuwa Jumamosi, jangwani hakuna ukumbi wala wapishi, na saini yake ilikuwa mistari miwili na nukta. Watu wengi wema wamesaini makubwa kuliko hayo na wakaendelea kula vizuri. Jumatatu asubuhi alikwisha kuitoa kalamu mkobani. Ndipo redio ikatangaza kwamba Staha la kwanza kabisa kuingia barabarani litatolewa zawadi ya taifa kwa bibi harusi mmoja, kwamba majina yamechanganywa kwenye ndoo, na kwamba Mheshimiwa Waziri ametia mkono wake mwenyewe na kumtoa Modesta Nyamubi.

Modesta alifika idarani akitweta, kilemba begani, viatu mkononi. Hakuweza kukaa. Aliongea huku akizunguka meza: gari litaletwa kanisani limepambwa, mchumba wake Zakayo ataendesha mwenyewe, watateremka mlima ule wa sokoni taratibu watu wote wawaone, na wasimamizi watakaa nyuma. Bi Pulkeria aliujua mlima ule wa sokoni. Chini yake kuna kona, na kwenye kona kuna ukuta wa posta, nao ulijengwa na wakoloni wale wale.

Akamwambia mwanawe asipande gari hilo. Modesta kwanza alidhani mama anatania, kisha akadhani ni uchovu wa maandalizi, kisha akamkumbusha sheria, kwamba kukataa zawadi ya taifa ni kulidharau taifa, miaka saba, na bwana harusi naye miaka saba kwa kutokumshawishi mkewe. Isitoshe, alikwisha kuwaambia rafiki zake wote.

"Na mama," alisema, sasa akiwa amekasirika kidogo, "si nyie wenyewe ndio mmelipatia nyota tano?"

Bi Pulkeria alimtazama binti yake, akatazama rafu ambayo kichwa cha Bibi kilikuwa kimewekwa kingojee gundi. Modesta alipoondoka, mama yake aliirudisha kalamu mkobani, akaufunga mkoba kwa zipu, na akabaki amekaa mpaka chai ikapoa.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyokwenda katika nchi yenye utaratibu. Uzinduzi wa Staha ulipangwa Alhamisi, kwenye uwanja wa idara, na kwa kuwa idara ndiyo mwenyeji, kuandika ratiba ilikuwa kazi ya idara, na katika idara nzima mwenye mwandiko wa kusomeka ni Bi Pulkeria. Mkurugenzi alimkabidhi karatasi akamwambia aandike kama zinavyoandikwa siku zote. Naye akaandika kama zinavyoandikwa siku zote. Kwaya. Ngoma. Utambulisho wa wageni. Utambulisho wa wageni waliosahauliwa kwenye utambulisho. Risala. Halafu, nambari nane, kwa mwandiko ule ule mzuri: Mgeni rasmi kuonja Staha, kwa kugonga ukuta.

Ratiba ilipita meza saba na kupata mihuri saba. Kila meza iliisoma kwa makini sana, na hapa ndipo uhodari wa maofisa wa Heko ulipo, kwamba mtu huangalia kama vyeo vimepangwa sawasawa, nani kaitwa Mheshimiwa na nani kaitwa Ndugu, na yaliyobaki ni maneno. Meza ya tano iliirudisha, moyo wa Bi Pulkeria ukapiga, kumbe Naibu Katibu alitangulizwa mbele ya Katibu. Akasahihisha. Hiyo nambari nane hakuna aliyeiona kitu, kwa sababu kuonja kuko katika kila ratiba. Kama kusingekuwamo ndipo wangeshtuka.

Msimdhanie vibaya. Hakutaka Waziri aumie. Mkono wa mtambo unaolifyatua gari ulikuwa chini ya mamlaka yake, na alikuwa ameshaapa moyoni kwamba hautashuka mtu yeyote akiwa ndani. Alichotaka ni kimoja: mtu mkubwa mmoja aogope, kwa dakika moja tu, kile ambacho yeye alikuwa akikiogopa tangu Jumatatu.

Alhamisi ikafika. Maturubai yakafungwa, viti vya mbele vikafunikwa vitambaa, wananchi wakaletwa mapema wakae juani wawe tayari kufurahi. Mheshimiwa Kindamba alichelewa saa tatu, ambalo kwa Heko ni jambo la kuwahi. Kwaya ikaimba wimbo ambamo jina la Mheshimiwa lilitajwa mara hamsini na mbili. Waliosahauliwa wakatambulishwa, wakasahauliwa wengine. Ilipofika nambari nane, mshereheshaji akaisoma kwa sauti kuu, akaipenda, akaisoma tena.

Waziri alikuwa anaongea na jirani yake, hakuisikia vizuri. Alisikia kuonja tu, akainuka akitabasamu. Alidhani atazungushwa uwanjani mara moja na kupunga mkono. Akapanda mbele, upande wa abiria, kwa kuwa usukani alikuwa ameshaushika Baba Sanamu, suti imepigwa pasi, kichwa kimegandishwa kwa gundi ya karatasi, ndiyo gundi pekee iliyokuwako idarani. Bi Pulkeria akainama dirishani kumfunga Mheshimiwa mkanda. Ulikuwa umetengenezwa kwa utepe ule ule wa kukatwa kwenye uzinduzi, na uligoma kuzunguka tumbo mpaka ukavutwa na kufungwa fundo.

Mheshimiwa Kindamba alitazama mbele. Akauona waya wa chuma, akaufuata kwa macho, akauona ukuta.

"Hivi, mama," aliuliza huku bado anatabasamu kwa ajili ya wapiga picha, "hili gari linaelekea wapi?"

"Ukutani, Mheshimiwa."

"Magodoro yako wapi?"

"Moja liko nyumbani kwako, Mheshimiwa."

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine, na watu wa viti vya nyuma walikuwa wamesimama wapate kuona vizuri. Waziri akasema, kwa sauti ya chini ambayo redioni haijawahi kusikika, kwamba hata hivyo gari ni salama. Bi Pulkeria akamjibu kwamba cheti kinasema nyota tano.

"Sikuulizi cheti," alisema Waziri. "Nakuuliza wewe."

"Mimi nina mtoto mmoja tu, Mheshimiwa, na Jumamosi mmempangia akae hapo hapo ulipokaa. Hicho cheti sijakisaini. Toa lile ua utaona."

Bi Pulkeria akarudi kwenye mtambo, akaushika mkono wa mtambo. Waziri akageuza shingo amtazame dereva wake, labda atafute msaada. Jua lilikuwa limeilainisha gundi. Kichwa cha Baba kiligeuka nacho, polepole, wakatazamana macho kwa macho kitambo, kisha kikaanguka mapajani kwa Mheshimiwa. Watu walioketi mbele walidhani ni sehemu ya shughuli wakapiga makofi.

Hapo nieleze hali ya mtu huyu, maana mimi simchukii. Kushuka ni kuivunja desturi ambayo haijavunjwa tangu uhuru. Kusema anaogopa ni kusema nyota tano ni za uongo, na tume ni yake, na kitabu cha kurasa mia tatu kina picha yake kwenye jalada. Kubaki ni kubaki. Jasho lilimtoka mpaka utepe ukachuja rangi nyekundu kwenye shati. Mkononi mwa Bi Pulkeria mkono wa mtambo ulikuwa haujasogea hata nukta, lakini hilo Waziri hakulijua. Yeye aliona tu mama mmoja mwembamba ameushika, anamtazama bila chuki yoyote, na anangoja.

Mheshimiwa Kindamba akaomba kipaza sauti.

Sijawahi kusikia hotuba nzuri kama ile, na nimesikia nyingi. Aliwauliza wananchi, Staha ni la nani? Wakajibu ni letu. Akawauliza, kama ni lenu, mimi ni nani hata nikalie kiti chenu? Miaka yote viongozi wameonja kwanza, wakanywa kwanza, wakavuka kwanza, na wananchi wakabaki ng'ambo wakitazama. Leo, alisema na sauti ikamtetemeka kwa sababu zake, leo yeye atakuwa kiongozi wa kwanza katika historia ya Heko kuonja kwa kutokuwamo. Akakata mkanda kwa mkasi wa uzinduzi, akafungua mlango, mlango ukambaki mkononi, akatoka nao akipunga. Watu walilia. Wazee wa viti vya mbele walikumbatiana. Hata Baba alishushwa kwa heshima, na kichwa chake, kwa kuwa naye ni mwananchi.

Bi Pulkeria alichungulia ndani mara mbili kuhakikisha hamna mtu. Kisha akaushusha mkono wa mtambo kwa nguvu zake zote.

Staha likaenda. Jamani, lilikwenda vizuri. Likaufikia ukuta wa wakoloni na kutawanyika kwa furaha, kana kwamba lilikuwa likiingoja ruhusa. Redio ikajiwasha. Uwanja mzima ukasimama wima, mawaziri, kwaya, wauza maji, na kwa dakika nne hakuna aliyetikisika huku gari la taifa likiendelea kuvunjika lenyewe. Katika ubeti wa kwanza paa lilikaa chini. Katika ubeti wa pili gurudumu lilichomoka, likapita polepole mbele ya jukwaa kuu kama mtu anayekagua gwaride, likakigonga kiatu cha Waziri, naye hakusogea. Katika ubeti wa tatu hakukuwa na kitu cha kuvunjika tena, na redio ikamalizia wimbo ikiwa peke yake kwenye majani.

Mshereheshaji akaitazama ratiba, ratiba haikuwa na neno. Bi Pulkeria alifikiri, sasa wameona, hawawezi wasione. Waziri naye alitazama chuma kile, akamtazama Bi Pulkeria, na mimi naapa kwamba katika macho yake kulipita kitu kilichofanana na shukrani. Kisha akakiinua kipaza sauti.

"Wananchi," alisema, "nani ameumia?"

Watu wakaangaliana. Wakatafuta. Hakuna, wakajibu, kwanza wachache, kisha uwanja mzima.

Basi ikawa hivyo. Ijumaa asubuhi gazeti la serikali liliandika kwamba Staha limegonga ukuta mtupu, bila godoro, mbele ya maelfu, na halikumjeruhi mtu hata mmoja, jambo ambalo magari ya nchi kubwa hayajaliweza. Ijumaa mchana Bunge likapitisha sheria, kwa vifijo, kulinda rekodi hiyo: Staha halipandwi. Staha linasindikizwa. Mwenye gari atatembea pembeni yake kwa miguu, na litasukumwa na watu wawili wenye leseni. Chuo cha Usukumaji kilifunguliwa baadaye, na mgeni rasmi alisukuma kwanza.

Jumamosi Modesta aliolewa. Staha jipya lilipelekwa kanisani limepambwa maua na mabaluni, na ndani, kwa ombi maalumu la Idara ya Kugongesha, walipanda Baba na Mama Sanamu, Binti akiwa amelala kiti cha nyuma na Bibi ameshikilia kichwa chake mapajani, wote wamependeza. Wasukumaji walilitoa taratibu. Nyuma yake, kwa miguu, ndio bibi harusi na bwana harusi, na nyuma yao wapiga matarumbeta na mtaa mzima. Modesta alinuna mpaka kwenye mti wa kwanza. Alikuwa na shela ndefu na viatu vya kisigino, na alikwisha kuwaambia rafiki zake wote.

"Mama," alisema, "yaani gari ni langu, na mimi natembea."

"Litangulie," alisema Bi Pulkeria. "Gari litanunuliwa jingine."

Walipofika kileleni mwa mlima wa sokoni wasukumaji walishindwa kulizuia, maana breki zake nazo zilikuwa za kizalendo. Staha likawatoka mikononi, likateremka na masanamu wake, mabaluni yakipepea, likaikosa kona na kuingia kwenye ukuta wa posta. Wimbo wa taifa ukaanza. Msafara wote ukasimama wima juu kileleni, shela ikipeperuka, matarumbeta yameshushwa, na Modesta akautazama ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kufumba macho. Alipoona kiti cha mbele kimekwenda kukaa na cha nyuma, alinyoosha mkono pembeni bila kugeuka, kinyume cha sheria, akautafuta mkono wa mama yake na kuushika. Wimbo ulipokwisha alivua viatu, akacheka kwa kelele mpaka machozi yakamtoka, akamvuta Zakayo, na wakateremka mlima wakicheza.

Desemba ile Mkurugenzi Pazi alileta ripoti ya mwaka mezani kwa Bi Pulkeria. Staha mia sita yalikuwa barabarani kwa wakati huo, yakisindikizwa, na Mheshimiwa Kindamba, ambaye alilazimika kutembea pembeni ya la kwake kila siku, alikuwa amepungua na kupendeza. Bi Pulkeria alikuwa amemalizia kukishona kichwa cha Bibi, safari hii kwa uzi wa kushonea viatu. Akaweka sindano chini, akavaa miwani. Ripoti ilikuwa ya sentensi moja: mwaka huu hakuna aliyeumia.

Aliisoma mara tatu, akiutafuta uongo, kuanzia nembo ya juu mpaka tarehe ya chini. Hakuuona. Akasaini.